Ndoano ya Pipa la Tatu

Tarehe 4 Machi

Kuna jambo nimelificha miaka thelathini na minane, na ninaliandika kwenye ukurasa wa kwanza ili nisipate nafasi ya kulizungukazunguka. Aliyekiondoa kitambaa kwenye ndoano ya pipa la tatu ni mimi. Mama Pacha hakusahau kukifunga. Taratibu hakuacha kutazama. Mimi ndiye niliyekifungua nikakitia mfukoni, na mtu akafa.

Sikujua maana yake. Hilo nalo naliandika mapema.

Atakayesoma huenda hakuzaliwa wakati huo, kwa hiyo nieleze. Nilikuwa mpangaji wa kazi katika kiwanda cha sabuni. Wenzangu waliniita Bwana Ratiba, wengine kwa heshima, wengine kwa kunisanifu. Tulikuwa na mapipa sita ya kuchanganyia, kila moja refu kama chumba, na ndani yake makasia ya chuma yanayozunguka. Mama Pacha alikuwa msafishaji. Pipa likimwagwa, yeye hushuka kwa ngazi na kukwangua sabuni iliyoganda. Taratibu alikuwa mwendesha mashine, na jina hilo alipewa kwa sababu hata kengele ya chakula haikumkimbiza. Asubuhi moja aliliwasha pipa la tatu, naye Mama Pacha yumo ndani. Mama Pacha akazikwa, Taratibu akafukuzwa, mimi nikabaki hadi siku ya kustaafu, nikaagwa kwa hotuba na saa ya ukutani.

Daktari anasema moyo umechoka. Hakutaja muda. Ila zamani alikuwa akiniambia nirudi baada ya miezi mitatu, na safari hii amesema wiki mbili. Nimesoma vya kutosha kuielewa hesabu hiyo.

Kingine kilichonishikisha kalamu ni mjukuu wangu wa kike. Anafanya kazi kiwanda kilekile, upande wa kompyuta, na amepewa jukumu la kuitengeneza upya programu ya kupangia kazi. Jana aliniambia, "Babu, safari hii nitakuhitaji." Nikamwambia karibu. Ningesema nini kingine?

Tarehe 5 Machi

Mvua imeanza. Miguu imevimba.

Tarehe 9 Machi

Mjukuu amekuja mchana, akaiweka kompyuta yake mezani kati ya chai na vichupa vyangu vya dawa.

"Haya Babu, mtazame mwanao."

Nikatazama. Mistari sita ya mapipa. Safu za siku. Vidoa vya kijani kwa pipa lililo tayari, vyekundu kwa matengenezo, vya njano kwa linalosubiri malighafi. Ni ubao wangu wa kupangia kazi, uliokuwa ukutani kiwandani. Mwaka niliostaafu walikuja vijana wa kampuni fulani wakauhamishia kwenye kompyuta, na inaonekana hawakubadilisha kitu. Hata tarehe waliiacha kwenye kona ya juu kulia.

"Hapo palikuwa na msumari," nikamwambia.

"Msumari?"

"Wa kutundikia kalenda."

"Kwa hiyo miaka ishirini watu wanaitafuta tarehe pembeni kwa ajili ya msumari?"

"Ulikuwa msumari imara."

Akacheka mpaka mama yake, mkwe wangu, akaja kuchungulia kama nimezidiwa.

Akanieleza anavyofanya kazi. Hakai ofisini. Kila siku humfuata mfanyakazi mmoja tangu anapoingia hadi anapotoka, aone anatafuta nini kwenye mpango huo na anakikosa wapi. Mtunza ghala hataki kuonyeshwa leo. "Leo imeshanishinda," amemwambia, "nionyeshe kesho." Dereva wa lori anataka neno moja tu, mzigo tayari au bado. Fundi ana mikono ya grisi hawezi kugusa simu, anaifungua kwa pua.

"Kwa pua, Babu. Nimeona kwa macho yangu. Na maandishi madogo hivyo, anafungua ukurasa wa watu wengine kabisa."

"Apewe maandishi makubwa."

"Au pua ndogo." Kisha akaniuliza, huku anaandika, "Wewe ule ubao ulimtengenezea nani hasa?"

"Wote," nikajibu.

Nilijibu haraka mno. Yeye hakugundua.

Tarehe 10 Machi

Si kweli. Ubao niliutengeneza kwa ajili ya mtu mmoja. Meneja wa wakati ule alikuwa akiingia kila asubuhi, mikono nyuma, anasimama mlangoni pa ukumbi wa mapipa, na alitaka kwa kutupa jicho moja ajue mapipa sita yana hali gani. Rangi zile ni kwa ajili ya jicho lake. Ukubwa wa ubao niliupima kutoka mlangoni, si kutoka walipokuwa wakisimama wafanyakazi.

Ila ulikuwa na jambo moja nililojivunia, na bado najivunia. Kila pipa lilikuwa na kibati chake chenye tundu, kimetundikwa kwenye ndoano ya ubao. Hakuna kuwasha pipa bila kwanza kukitoa kibati chake ubaoni na kwenda kukitundika kwenye swichi. Kibati kimoja, pipa moja. Hapakuwa na njia ya watu wawili kuliwasha pipa moja bila kujuana.

Wasafishaji hawakuwa na kibati. Msimamizi aliwahi kuniuliza nikamjibu kwamba usafi hufanyika katikati ya kazi, si kazi ya kupangwa. Nakumbuka niliona ni jibu la mtu aliyesoma.

Tarehe 13 Machi

Mvua mchana kutwa. Beseni la sebuleni, la kukingia paa linalovuja, limejaa mara mbili. Mkwe amelimwaga bila kusema neno; akinyamaza hivyo najua paa limemchosha, au ni mimi.

Tarehe 18 Machi

Leo mjukuu alikuwa na wasafishaji.

"Babu, hawamo. Kwenye programu nzima hawamo. Hawana hata nywila ya kuingilia. Unajua wanafanyaje?"

Nikawa nakoroga chai isiyo na cha kukorogwa.

Akanionyesha picha kwenye simu. Swichi ya pipa, na juu yake kitambaa kimefungwa mafundo mawili. Kitambaa cha njano, kipya kabisa, wanakinunua kwa jora. Mkubwa wao ni mwanamke wa makamo, mkali, hasemi mara mbili. Amemwambia mjukuu wangu kwamba kwao kuna sheria moja: kitambaa hakifunguliwi na mtu ila aliyekifunga. Meneja akitaka kufungua, amtafute aliyefunga. Mwenyewe aliyefunga akiugua ghafla, pipa linasubiri mpaka aulizwe.

"Nikamuuliza mbona mkali hivyo na kitambaa. Akasema mama yake alisahau kukifunga siku moja, akafia ndani ya pipa. Yeye na pacha wake walikuwa na miaka tisa. Akasema, 'Mimi sitaki watoto wangu waje waambiwe mama yao alisahau.' Babu, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulimjua?"

"Alikuwa msafishaji."

Akaningoja niendelee. Nikamwambia nimechoka, akanifunika miguu kwa shuka, akaondoka kwa kunyata kama mtu atokaye chumba cha mgonjwa. Na ndivyo ilivyo.

Sikujua kama yule binti yupo pale kiwandani. Nilistaafu kabla hajaajiriwa. Kwa hiyo ndilo walilomwambia. Mama yako alisahau.

Tarehe 19 Machi

Sikula.

Tarehe 27 Machi

Nimelazwa siku nne nikarudishwa. Maji kwenye mapafu. Muuguzi wa zamu ya asubuhi ananiita kijana. "Kijana, geuka." Nimegeuka.

Leo nina nguvu, nitaandika siku ile yote.

Wageni walikuwa wanakuja kuuona ubao. Habari zake zilikuwa zimefika makao makuu, na wakubwa watatu walitumwa waangalie kama viwanda vingine vinaweza kuufuata. Nilifika mapema nikaupangusa, nikavipaka vibati rangi mpya. Nilivaa tai. Mke wangu, Mungu amrehemu, aliifunga mwenyewe nyumbani, akanisogeza mbali kidogo ili anitazame.

Wasafishaji walikuwa na desturi yao. Kwa kuwa hawakuwa na kibati, anayeingia ndani ya pipa alipitisha kitambaa kwenye tundu la kibati na kukifunga kwenye ndoano, kibati kisitoke. Walijibunia wenyewe. Kwenye ubao wangu kilionekana kama tambara lililonasa kwenye msumari. Nilidhani ni uvivu, mtu amefuta mikono akaacha tambara. Sikujua maana yake.

Saa nne kasoro nilisikia honi ya gari la wageni getini. Nikautazama ubao kutoka mlangoni, mahali anaposimama meneja. Vibati sita vinang'aa, na kwenye ndoano ya tatu kipande cha shuka la kijani, kimechanika upande mmoja. Nikaenda nikakifungua. Kilikuwa na mafundo mawili. Nikakitia mfukoni mwa koti.

Wageni wakaingia. Walipendezwa. Mmoja aliuliza maswali mengi, wakakaribishwa ofisini kwa chai, nami nikaitwa nikaeleze. Tulikuwa bado tunanywa chai, kikombe changu kikiwa nusu, tuliposikia mtu anapiga kelele ukumbini, kisha wengi, kisha mashine zote zikazimwa moja baada ya nyingine. Sijapata kusikia kiwanda kile kimya mchana, kabla wala baada.

Siku ya uchunguzi Taratibu alisema, "Nilitazama ndoano. Haikuwa na kitambaa. Nikaita mara mbili, sikujibiwa." Pampu zilikuwa zinanguruma; ndani ya pipa husikii kitu. Mwenyekiti akanigeukia mimi. "Bwana mpangaji, katika mpango wako kuna kitu kinaitwa kitambaa?"

"Hapana," nikasema.

Lilikuwa neno la kweli. Katika mpango wangu hakikuwemo. Sikuulizwa kingine. Wakaandika kwamba marehemu hakuacha alama yoyote, na kwamba mwendesha mashine aliwasha bila kupanda ngazi na kuchungulia. Taratibu alinitazama, si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayemsubiri mwenzake amalizie sentensi.

Kitambaa nilikitupa kwenye tanuri la mvuke jioni ileile.

Tarehe 28 Machi

Nimesoma niliyoandika jana. Niliruka kitu. Nitakirudia nikipata nguvu.

Tarehe 3 Aprili

Mvua. Ukuta wa chumba changu umetoa doa la unyevu lenye umbo la sikio.

Tarehe 8 Aprili

Mjukuu amekwenda kumwona Taratibu.

Sikumtuma. Waendesha mashine wa sasa walimwambia yuko mzee mmoja hai aliyefanya kazi na ubao wenyewe, anakaa kwa dada yake nyuma ya soko. Alitaka kumuuliza mwendesha mashine anahitaji kuona nini kabla ya kuwasha. Hakujua kwamba ndiye aliyeliwasha pipa. Alijua alipofika.

"Ana macho mabaya, Babu. Alinishika mkono, akauliza mimi ni wa nani. Nikamwambia. Akasema, 'Mjukuu wa Bwana Ratiba,' akacheka, akaagiza niletewe kiti chenye mgongo."

"Akasema nini?"

"Alinieleza vibati, vizuri kuliko wewe. Nikamuuliza kuhusu siku ile, maana nilishaisikia kwa yule mama wa usafi. Nilimuuliza kwa adabu, Babu."

"Najua. Akasema nini?"

Akasoma kwenye daftari lake, maana yeye huandika maneno ya watu kama walivyoyasema. "'Miaka ya kwanza nilijua nilitazama. Ningeapa. Lakini mtu akiambiwa na kila mtu kwamba hakutazama, mke wake akamwambia, watoto wakaambiwa shuleni, macho yenyewe yanaanza kuona haya. Siku hizi sijui tena kama nilitazama. Mwambie babu yako ubao wake ulikuwa mzuri. Mimi ndiye sikuwa mzuri.'"

Alifunga daftari. Mkwe wangu alikuwa mlangoni na beseni mikononi, naye alisikia.

Nilidhani nimemnyang'anya kazi tu. Kazi mtu hupata nyingine.

Tarehe 9 Aprili

Kwa daktari. Wiki moja, amesema sasa.

Tarehe 15 Aprili

Programu mpya inaanza kuonekana. Si ukurasa mmoja tena. Mtunza ghala akiingia anakutana na kesho. Dereva anakuta neno moja, kubwa kama kiganja. Fundi ana vitufe vinne vya kuguswa kwa kiwiko, kwa pua, kwa atakacho. Nilimwambia mbona kila mtu anapewa nyumba yake, kiwanda kitakutana wapi? Akasema kiwanda ni kimoja chini, milango ndiyo mingi. Nilikaa nikafikiri mlango wangu mmoja, na meneja aliyesimama pale mikono nyuma.

Wasafishaji nao wana ukurasa. Anayeingia ndani ya pipa anagusa alama ya njano, na pipa haliwaki mpaka aiondoe.

Lakini kuna ubishi. Meneja wa sasa anataka mpangaji naye aweze kuiondoa alama hiyo. Kwa dharura, anasema. Mtu akisahau akaenda nyumbani, kiwanda kisimame? Mkubwa wa wasafishaji amesema ikiwa hivyo, yeye na wenzake wataendelea na kitambaa chao na hiyo programu wakubwa wakaitazame wenyewe kwenye televisheni.

"Wewe ulikuwa mpangaji, Babu. Unasemaje? Apewe uwezo au asipewe? Tunaamua mwisho wa mwezi, Ijumaa."

"Nipe siku mbili."

"Ni ndiyo au hapana tu, Babu."

"Nipe siku mbili, mama."

Tarehe 18 Aprili

Nimemwambia.

Mvua ilikuwa imekatika kidogo, tumekaa barazani. Nilimwambia wageni, tai, shuka la kijani, mafundo mawili, mfuko wa koti. Nilimwambia neno langu kwenye uchunguzi. Nilimwambia tanuri. Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, kichwa kimeinama, nikawa naona utosi wake tu.

"Kwa hiyo Mama Pacha alifunga," akasema.

"Alifunga."

"Na yule mzee alitazama."

"Alitazama."

"Miaka yote hiyo, Babu?"

Akainuka akaenda ndani, nikasikia mabomba ya bafuni yanafunguliwa, maji yanamwagika bure. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, lakini sauti imetulia. Aliketi karibu na miguu yangu, akaniuliza swali moja.

"Ulikuwa unajua kile kitambaa ni cha nini?"

"Sikujua."

Akapumua. Nilimwona anapumua. Alinishika goti. "Basi ulikosea kunyamaza, Babu, na hilo ni kubwa, sitakudanganya. Lakini kukifungua, hukujua."

Aliomba ruhusa ya kuwaambia wawili wale. Nikampa.

Tarehe 19 Aprili

Sikulala mchana wala sikukaa macho. Beseni limejaa tena.

Tarehe 23 Aprili

Wamekuja, Taratibu na yule binti wa Mama Pacha.

Taratibu aliletwa ameshikwa mkono. Amekuwa mdogo. Alivua viatu mlangoni polepole, kimoja, kisha akapumzika, kisha cha pili, na mkwe wangu akajisahau akasema, "Kweli anaitwa Taratibu," wote tukacheka, hata yeye. Kicheko kile kilinichoma kuliko angenitukana.

Aliketi mbele yangu, magoti yetu yanakaribiana kwa sababu haoni mbali.

"Hebu niambie mwenyewe," akasema. "Huyu mtoto ameniambia, lakini niambie wewe."

"Kitambaa nilikitoa mimi. Ulipofika, ndoano ilikuwa tupu."

"Kwa hiyo nilitazama."

"Ulitazama, ndugu yangu."

"Nilitazama," akarudia, si kwangu. Alirudia mara tatu, nne. Kisha akaomba maji, akayanywa yote, akarudisha glasi pembeni ya meza kwa uangalifu mkubwa. "Mke wangu amekufa anaamini sikutazama," akasema. "Haya."

Yule binti hakukaa. Alisimama karibu na dirisha, mkoba begani, kama mtu aliyepita tu. Mkubwa wa wasafishaji kweli. Alikuwa ameshaona kidirisha changu kina vumbi.

"Mama hakukwambia?" akaniuliza. "Mama alikuwa mtu wa kusema. Alikuwa akitwambia sisi watoto, nikienda chooni nasema, nikienda kisimani nasema. Hakukwambia kile kitambaa ni cha nini?"

"Hakuniambia, binti yangu."

"Ajabu," akasema.

Taratibu akaingilia. "Mwache. Angejuaje? Ofisini kwao hawakutuuliza kitu. Tambara ni tambara kwa asiyeambiwa." Akanyoosha mkono akatafuta wangu hewani, akaupata. "Umechelewa, Bwana Ratiba. Lakini umesema. Mimi sina la zaidi."

Walipoondoka, binti yule aligeuka mlangoni akanitazama mara moja. Hakuniaga.

Tarehe 24 Aprili

Nimesamehewa kosa ambalo silo.

Tarehe 28 Aprili

Mvua kubwa, paa linapigwa kama ngoma. Mjukuu amekuja ameloa, lakini amechangamka, amepata ufumbuzi. Meneja amekubali. Amenionyesha.

Mpangaji akigusa alama ya njano ya msafishaji, haiondoki papo hapo. Kwanza skrini inamfungukia maelezo: *Alama hii ina maana kuna mtu ndani ya pipa. Je, umeelewa?* Akibonyeza ndiyo, basi anaruhusiwa kuiondoa.

"Nimeyaandika kwa ajili yako, Babu," akasema. "Nilifikiri, kosa lilikuwa wapi? Si kwamba mpangaji alikuwa mtu mbaya. Mpangaji hakuambiwa. Kwa hiyo mpangaji aambiwe, na meneja apate dharura yake. Yule mama bado anakataa, anasema maelezo hayatoshi. Nikamwambia babu yangu ndiye mfano. Angeelezwa, asingegusa."

Alikuwa ananitazama anisifie. Nikasema ni kazi nzuri. Nilikohoa, akaniletea maji, akaniambia Ijumaa inapitishwa.

Kesho kutwa ndiyo Ijumaa.

Tarehe 29 Aprili

Nitaandika kwa herufi kubwa ili mjukuu asipate shida kusoma.

Mjukuu wangu, daftari hili nimemkabidhi mama yako akupe leo jioni ukitoka kazini. Usipite kwangu kwanza. Soma, halafu uje au usije.

Yale maelezo uyatoe. Usimpe mpangaji uwezo ule, hata kwa dharura, hata aulizwe mara kumi kama ameelewa. Yule mama yuko sahihi. Umejenga juu ya neno langu, na neno langu ni la uongo. Siku ile nilipoulizwa barazani na wewe, nikaulizwa dirishani na mtoto wa marehemu, nilijibu uongo uleule, na ukurasa wa kwanza wa daftari hili nao una uongo huo, na ule wa kati, ambapo niliandika nimeruka kitu.

Niliruka hiki. Asubuhi ile nilikuwa napaka rangi vibati. Mama Pacha alikuja na ndoo na kikwanguo, akasimama kando yangu asinichafulie tai. Akafunga kitambaa. Alifunga mafundo mawili, akayavuta kuyajaribu. Akasema, "Bwana Ratiba, nimefunga. Naingia la tatu. Nikitoka nafungua mwenyewe." Kila siku alikuwa akisema hivyo kwa yeyote aliye karibu na ubao, na mara nyingi aliye karibu ni mimi. Nikamjibu bila kugeuka, "Ingia."

Honi ilipolia nilikuwa nimeshayapanga kichwani. Taratibu alikuwa hajapangiwa kuwasha la tatu mpaka saa tano. Wageni watatazama dakika kumi, wataondoka, nitakifunga tena kama kilivyokuwa, mafundo mawili. Nilikiweka mfukoni, si jaani, kwa sababu nilikusudia kukirudisha. Lakini walipenda ubao. Nikaitwa kwenye chai, nikasifiwa, na nilipokuwa nikisifiwa nikasahau. Msimamizi akamwambia Taratibu aanze mapema, wageni waone pipa linafanya kazi.

Sikuhitaji kuelezwa chochote. Nilijua kuna mtu ndani.